Jinsi ya Kuonekana Fundi wa Barua Pepe Bila Kusomea

Sogea karibu, ndugu yangu. Bosi kapata kompyuta mpya, anataka Gmail yake isomeke kwenye programu ya Thunderbird, na kwa kuwa siku moja ulichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, ofisi nzima inakuita mtaalamu. Usikatae. Kaa kwenye kiti chake.

1. Andika jina lake na anwani yake, bonyeza kitufe cha kuendelea, kisha kunja mikono. Programu itatafuta seva yenyewe: imap.gmail.com ya kupokea, poti 993, na smtp.gmail.com ya kutuma. Ukiulizwa unafanya nini, taja 993 kwa sauti ya chini. Hawatauliza tena.

2. Hapa ndipo mafundi wa kujipachika huumbuka. Wanamwomba bosi nywila, wanaiandika, inakataliwa. Wanairudia polepole, inakataliwa. Wanaanza kuusingizia mtandao. Wewe usiiguse. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzifungia mlango programu zinazoingia kwa jina na nywila tupu, na Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikaanza kufanya vivyo hivyo kwenye Exchange Online. Kwenye njia ya uthibitishaji chagua OAuth2, upande wa kupokea na upande wa kutuma. Ukisahau wa pili, bosi atasoma barua zote na hataweza kujibu hata moja.

Litafunguka dirisha la Google lenyewe. Mpishe bosi aandike nywila kwa mkono wake, nawe geuza uso. Google itaipa Thunderbird kibali cha kuingia bila kuikabidhi nywila. Bosi ataona una adabu, na siku akaunti ikichezewa, hakuna atakayekunyooshea kidole. Dirisha likigoma, angalia kama Thunderbird imeruhusiwa kupokea vidakuzi.

3. Amekung'ang'aniza utumie programu kuukuu isiyoijua OAuth2? Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha iombe Google nywila ya programu: herufi 16. Nakili, bandika, usijisumbue kuzikariri. Ila mwambie mapema kwamba akibadili nywila yake kuu, hizo herufi hazitafanya kazi tena. Yakitokea, utaonekana mtabiri.

4. Tarakimu sita za programu ya uthibitishaji, zile za hatua ya pili, zinakataliwa? Usibishane nazo. Tazama saa ya simu. Namba hizo hukokotolewa kwa kufuata saa na kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Simu ikichelewa dakika chache, zote ni batili. Iache simu ijipangie saa yenyewe. Sijui hila nyingine yenye sifa nyingi kwa jasho dogo namna hii.

5. Sasa desa, yaani karatasi ya namba za akiba, na hapa nakushika mkono kabisa: usiondoke bila kulitengeneza. Google hutoa namba 10 za kuingilia simu isipokuwepo, kila moja ya kutumia mara moja tu. Zichapishe, umkabidhi bosi azifungie kabatini pamoja na hati zake. Zisikae kwenye simu, maana simu ndiyo itakayoibwa kwenye daladala, na laini iondoke nayo, na barua za miaka zibaki nyuma ya mlango ambao hata mwenyewe hawezi kuufungua.

6. Tuma barua ya majaribio kutoka kwake kwenda kwako, uijibu. Zikifika zote mbili, inuka taratibu, rudisha kiti mahali pake, upokee soda.