Huku Tunazibembeleza Nyasi

Mama, Ba'mdogo, na ninyi wa kijiweni Tandika,

Mimi mzima, ila masikio siyahisi. Nawaandikia nikiwa kwenye banda la mashine, saa moja kasoro robo asubuhi, Aprili inaelekea ukingoni, soksi nimevaa mbili mbili, na kazi yangu kwa sasa ni kusubiri. Ndiyo, Ba'mdogo, nalipwa kwa kusubiri. Huku Uskoti, pwani hii ya mashariki, umande wa usiku unaganda. Kamusi inauita jalidi. Tandika hamjawahi kulihitaji neno hilo. Nyasi zinakuwa kama visheti, nyeupe na za kuvunjika, na ukizikanyaga katika hali hiyo unazivunja kwa ndani. Jua likishatoka, nyayo zako zinabaki pale rangi ya tumbaku kwa wiki kadhaa, na uwanja mzima unajua umepita wapi. Kwa hiyo tumefunga kamba kwenye shimo la kwanza la gofu, na wazee wanachama wamesimama upande wa pili wakitutazama vile abiria wa Mbagala wanavyomtazama dereva anayemalizia chai yake taratibu.

Mama, nasikia umewatangazia majirani kuwa mwanao ni mtaalamu wa viwanja Ulaya. Sikatai. Lakini tangu utangaze, watu wanne wamenitafuta niwaamulie migogoro ya viwanja Toangoma, na mmoja ameshanitumia picha ya hati. Waeleze kwamba viwanja vyangu ni vya gofu, na mgogoro wangu ni na nyasi.

Mnakumbuka nilivyokuwa nikisukuma mashine pale Lugalo, kwenye uwanja wa jeshi. Masika yakiingia, adui alikuwa mmoja: nyasi zinakua hadi zinakutia wazimu. Ukifika shimo la 18, la kwanza limeshaota ndevu upya. Mashine inakwama kwenye majani mabichi, unairudisha bandani, unachukua fyekeo. Basi nilipokuja huku nikadhani nimepata kazi ya mteremko, maana nchi ina mvua mwaka mzima na adui huyo nimeshamzoea.

Majira haya wanayaita ya kuchipua. Mpaka leo hakijachipua kitu. Kila asubuhi nachoma kipimajoto ardhini kama muuguzi, nakisoma, natikisa kichwa. Nyasi za huku zinaanza kujikongoja ardhi ikifika nyuzi 6 hivi. Jumatatu nimesoma 4, Jumanne 5, jana 5, leo tumerudi 4. Upepo unatoka baharini, na wakati mwingine unakuja na ukungu mzito ambao wenyeji wanauita haar, unaokaa siku nzima kama mgeni aliyekuja kudai. Na msinionee huruma sana, kwani nimeona zaidi ya hapa. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa 2021, na idara yao ya hali ya hewa ilisema Uingereza haikuwa imeona Aprili yenye jalidi kiasi hicho kwa miaka 60 na ushei: wastani wa siku 13 kwa mwezi. Nilikuwa mgeni. Nilidhani ndiyo kawaida yao, nikanyamaza.

Sasa balaa liko kwenye grini, pale lilipo shimo. Kuna nyasi za aina mbili zimechanganyika. Moja inaitwa Poa annua. Siku ya kwanza kulisikia jina nilifurahi, nikajua nimepata Mswahili mwenzangu. Kumbe Poa ndiyo korofi ya mtaa: inaamka mapema na baridi lote hili, inaanza na kutoa mbegu, wakati ile aina ya pili bado imelala. Matokeo yake grini ina mabaka, hapa juu hapa chini, na mpira unakwenda kama bajaji kwenye njia za ndani za Mbagala Kuu. Mwanachama akikosa shimo kwa inchi mbili, haulaumu mkono wake. Ananiita mimi.

Wanasema, tia mbolea. Mbolea bila joto ni kumwekea pilau mtu aliyelala. Tunachofanya ni kupuliza madini ya chuma. Nyasi hazikui hata kidogo, ila rangi inakolea kijani cha kuvutia, na kwa mbali wazee wanaridhika. Ni wanja na poda tu, bibi harusi mwenyewe bado ana homa.

Halafu kuna mchanga. Ba'mdogo, wewe uliyesomesha watoto kwa lori la mchanga, ungetajirika huku. Pale St Andrews, si mbali na hapa, alikuwepo mzee Tom Morris, aliyekabidhiwa uwanja miaka ya 1860, na dawa yake ya grini ilikuwa mchanga, tena mchanga, kisha mchanga. Ndiye anayetajwa pia kwa desturi ya kuupumzisha uwanja Jumapili. Hadi leo ule uwanja wa zamani wa St Andrews siku hiyo kwa kawaida hauchezwi, watu wanakwenda kutembeza mbwa. Nasi tulimwaga mchanga wetu mwezi Machi, mwembamba, tukitegemea nyasi zipande ziufunike. Hazikupanda. Mchanga upo juu, unatafuna visu vya mashine, na mzee mmoja ameniuliza kama tunafungua ufukwe. Nikamwambia kwetu Coco Beach watu wangekuwa wameshaleta mihogo ya kukaanga. Hakuelewa, lakini alicheka kwa adabu.

Cha kuniua zaidi ni televisheni. Kila Aprili yanaoneshwa mashindano ya Masters huko Augusta, Georgia. Maua yamefunguka, nyasi kama zulia la msikitini, na chini ya grini kuna mabomba ya kufyonza maji na kupuliza hewa. Jumatatu yake wanachama wanakuja wamekunja nyuso: mbona kwetu si hivi? Augusta iko karibu usawa mmoja na Tripoli ya Libya. Sisi tuko usawa wa Moscow. Nilishawachorea ramani kwenye ubao wa matangazo. Ikabanduliwa.

Georgia hiyo hiyo ndiko kulikofanyika mambo ya ukoka wetu, na huu ni umbea wa haki. Ukoka unaotambaa kando ya mitaro ya Temeke, Wazungu wanauita Bermuda, ingawa ulikuwa ukitambaa Afrika kabla Bermuda haijajulikana. Ulizamia Marekani zamani. Kisha huko Tifton mtafiti Glenn Burton akauoza kwa binamu yake mwembamba wa Afrika Kusini, wakazaliwa watoto wenye majani mafupi na majina ya kizungu, Tifgreen, Tifway. Sasa watoto hao ndio wanaorudi Afrika kupandwa kwenye viwanja vya gofu, kwa hela nzuri. Aliondoka Juma, amerudi Jimmy. Ba'mdogo, uliniuliza kwa nini nisiulete huku: ardhi ikishuka chini ya nyuzi 10 ukoka unageuka rangi ya kamba ya katani na kulala hadi joto lirudi. Hapa ungelala tangu Oktoba, na mimi ningefukuzwa Novemba. Na lile wazo lako la nyasi bandia, kama walivyowahi kuweka kwenye uwanja wa mpira wa Shamba la Bibi, nililitamka mara moja tu kwenye chai. Kimya kilichofuata sitaki kukieleza.

Kamba tumeshaifungua, wameingia, nami nimekata grini ya tatu. Mashine kubwa, kapu kubwa. Nilipolimimina yametoka majani ya kujaa kiganja. Tumefurahi, tumepiga picha. Mama, ile niliyoituma kwenye grupu ndiyo hiyo. Si mchicha.

La mwisho, nimepata ujumbe wa mjumbe kuhusu kiwanja changu cha Chamazi. Anasema nyasi zimefika madirishani kwa jirani, ameonekana nyoka, na nisipofyeka wiki hii nitapelekwa serikali ya mtaa. Nimetuma elfu arobaini kwenye simu ya Ba'mdogo. Tafuteni kijana mwenye fyekeo lake. Ila mwambieni upande wa ukuta asiguse, pale kuna ukoka mzuri.