Bima Inayonisubiri Nife

Wengi wetu tunanunua bima ya safari kwa sababu moja tu: ubalozi unaitaka. Ukiomba viza ya Schengen lazima uonyeshe bima isiyopungua euro 30,000, inayogharamia hospitali, dharura na kukurudisha kwenu, uwe mzima au maiti. Basi unailipia, unaichapisha, unaibana na pini pamoja na taarifa ya benki na barua ya mwajiri, halafu unaisahau. Sidhani hata afisa wa viza anasoma chochote zaidi ya ile euro 30,000.

Mimi yangu niliisoma yote. Niliisomea sakafuni, kwenye ukumbi wa kuondokea wa uwanja ambao siutaji kwa kuwa bado nitapita hapo. Muda nilikuwa nao. Ndege yetu ya kwenda Ulaya tulikuwa tunaiona kwenye kioo, imesimama inang'aa, rubani yupo, wahudumu wapo, chakula kimeshapakiwa. Mafuta hakuna.

"Wapendwa abiria," dada wa kaunta alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyeachiwa msala na wakubwa waliokwishakwenda kulala, "safari imefutwa kutokana na upungufu wa mafuta uwanjani. Poleni sana. Hili ni jambo lililo nje ya uwezo wetu."

Mzee mmoja mwenye kanzu na baraghashia akanyanyuka. "Binti yangu, kwani ndege inatumia mafuta gani?"

"Jet A-1, baba."

"Ndiyo nini hiyo?"

Kijana mmoja nyuma akadakia kwamba ni kama mafuta ya taa. Mzee akageuka, akatutazama mmoja mmoja. "Mafuta ya taa si hata dukani kwa Mangi yapo? Tuchange!"

Tulicheka, lakini kijana hakusema uongo. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa, ila yenyewe inasimamiwa kwa viwango vikali zaidi. Kinachogomba ni kipimo. Ndege kubwa ya safari ndefu huunguza tani tano hadi nane kwa saa, na Mangi anauza kwa chupa ya soda. Daladala likikauka mafuta, konda anashuka na kidumu na abiria wanamsubiri wakilalamika. Ndege ikikauka, abiria ndio wanashuka.

Na msidhani ni mambo ya Afrika tu. Septemba 2017 kule New Zealand bomba linalopeleka mafuta uwanja wa Auckland lilipasuka mahali lilipokuwa limekwaruzwa na mtambo wa kuchimba, na safari nyingi zikafutwa. Inasemekana mchimbaji alikuwa anatafuta magogo ya kale ya mti wa kauri yaliyozama kwenye tope. Mwaka 2022 mafuriko ya KwaZulu-Natal yaliharibu reli inayotoka Durban, na uwanja wa Johannesburg ukaanza kuhesabu lita. Kwetu sisi usiku ule tuliambiwa meli imechelewa. Meli gani, inatoka wapi, hakuna aliyesema.

Kilichoniuma si mafuta. Kilichoniuma ni foleni ya pembeni. Kaunta iliyofuata ilikuwa ya shirika la Ulaya, nalo limefuta safari usiku uleule kwa sababu ileile. Abiria wake waliitwa kwa majina, wakapewa karatasi za hoteli na chakula cha jioni, basi likaja kuwachukua. Sisi tulipewa soda moja na biskuti, na biskuti zikaisha kabla ya kufika kwa wenye watoto.

Hapo hapakuwa na ukarimu wala roho mbaya, ni sheria. Umoja wa Ulaya una Kanuni Namba 261 ya mwaka 2004. Inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja huo kwa ndege yoyote ile, na anayekwenda huko kwa ndege ya shirika la huko. Sisi wa shirika jingine, tukitokea Afrika, hatumo. Ila mimi nikiwa narudi kutoka Frankfurt kwa shirika hilihili letu la biskuti, na tiketi ni hiyohiyo moja, naingia kwenye sheria na kulala hotelini kama bwana mkubwa.

Hata hao wenye basi hawakupata kila kitu. Mei 2017 mfumo wa mafuta wa uwanja wa Lisbon ulikorofisha, kesi ikasafiri hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Julai 2022 majaji wakasema hitilafu ya uwanja mzima ni jambo la dharura lisilo la kawaida. Kwa hiyo ile fidia ya euro 250 hadi 600 shirika linaweza kuikwepa. Lakini kula, kulala, na kurudishiwa nauli ndani ya siku saba au kutafutiwa ndege nyingine, hivyo havikwepeki, hata mafuta yakauke dunia nzima. Na nauli irudi kwa pesa. Vocha unapewa ukikubali mwenyewe kwa saini.

Vocha ndiyo tuliyoletewa sisi. Ya mwaka mmoja, kwa shirika hilohilo, isiyohamishika. Mama mmoja wa Tanga aliyekuwa amekalia sanduku lake aliigeuza mbele na nyuma. "Hii nitainunulia unga?" Akairudisha kaunta. Nami nikairudisha yangu. Masharti ya tiketi yetu yalisema shirika likifuta safari lenyewe, nauli inarudi. Niliyaonyesha kwenye simu, dada akasema andika barua pepe.

Nikarudi sakafuni kwenye bima yangu, na mama akasogea tusaidiane.

"Ukifa wanakubeba?"

"Wananibeba, mama."

"Na jeneza?"

"Na jeneza limo."

"Na chai?"

Chai haikuwamo. Kulikuwa na kifungu cha safari kuchelewa, kinacholipa baada ya saa 12, lakini sababu zimeorodheshwa: hali mbaya ya hewa, mgomo, ubovu wa ndege. Ndege yetu ilikuwa nzima kama sarafu mpya. Yule kijana akaniongezea kwamba hata bima yenye kifungu cha mafuta hailipi ukiinunua baada ya uhaba kutangazwa redioni. Na nauli bima haigusi, inasema mdai mwenye ndege. Tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar nao wanalipia bima ya lazima, dola 44. Natamani kujua kama kuna hata mmoja anayeisoma.

Sasa wewe mwenye tiketi mkononi: kabla hujaondoka kaunta, dai barua yenye sababu ya kufutwa na saa ulizokaa, maana bila hiyo hakuna bima itakayokusikiliza. Tunza risiti zote, hata ya chipsi mayai. Usisaini vocha kwa usingizi. Kwa Tanzania, shirika likikuzungusha, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, nendeni mkalisumbue, ndiyo kazi yake.

Nauli yangu ilirudi, kwa kuchelewa lakini kamili. Hoteli nilijilipia. Kampuni ya bima bado tunaandikiana. Barua yao ya mwisho inaomba jina la hospitali nilikolazwa.