Barua ya Wazi Kuhusu Misindano Mitatu Iliyoanguka Bila Kibali

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Mazao ya Misitu,
Wilaya yetu,
Nyanda za Juu Kusini.

Ndugu Mkuu,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA UPEPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia mtiifu, mwenye ekari nne za misindano na kipande cha milingoti. Usiku wa kuamkia Jumanne upepo uliingia shambani kwangu ukaangusha misindano mitatu bila barua ya mtendaji wa kijiji, bila kikao cha kamati na bila magogo kugongwa nyundo ya alama. Najisalimisha kabla sijaitwa. Naomba pia kujua faini ya upepo inalipwa dirisha gani.

Miti hii niliipanda mwenyewe mwaka 2008. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inameza miche kama 450. Zidisha mara nne, kisha uuonee huruma mgongo wangu. Nilipanda Desemba, ardhi ikiwa imelowa, na kosa hilo naliungama. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, wakati huku kwetu mvua zinafungasha virago. Mgeni rasmi hupanda, hupigwa picha, na ikifika Julai mche umebaki pichani tu.

Miaka yote ya palizi na kupogolea, gari la ofisi yako sikuliona. Septemba moja jirani alichoma majani akiandaa kinyungu, bustani ya bondeni, moto ukapanda kilima. Tuliupiga kwa matawi mabichi tangu saa nane mchana hadi jogoo la kwanza. Nilipowapigia simu nilijibiwa, kwa upole kabisa, kwamba huo ni msitu wa mtu binafsi. Nilifarijika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inautambua kweli msitu binafsi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sheria hiyo, uso mzima masizi.

Sasa misindano imekomaa, na imegeuka mali yenye wenyewe.

Nilipofuata kibali cha kuvuna, kamati ilikuwa haijakaa. Niliporudi, ilikuwa imekaa lakini akidi haikutimia. Mara ya tatu akidi ilitimia, ila mwenye nyundo alikuwa semina. Semina ya kuhamasisha wananchi wapande miti.

Mwaka juzi nilipata bahati, mbao zangu za mbili kwa sita zikapanda lori. Lori likakwama kwenye tope siku mbili, na hati ya kusafirishia ikafa ikiwa mfukoni mwa dereva. Kwenye geti la ukaguzi kijana alizigonga mbao moja moja kwa kalamu ya biro, midomo ikihesabu kimya kimya. Akapata 212, karatasi inasema 210. Nikamwambia labda zimezaa njiani, maana mvua ilikuwa nzuri. Hakucheka. Aliandika.

Wakati huohuo dalali hana shida. Yeye ananunua miti ikiwa imesimama, kwa ekari, kwa bei ya kukutoa machozi, na habari ya vibali anasema, “Mzee, hiyo niachie mimi.” Mashine yake ya kupasulia mbao, dingidongi, inalia bondeni usiku kucha. Mimi naisikia nikiwa kitandani. Geti, lililo karibu nayo kuliko mimi, halijawahi kuisikia.

Ndugu Mkuu, sipingi tuwe wabia. Ninachoomba ni ubia uanze mapema kidogo. Desemba njoo na jembe. Septemba njoo na tawi bichi, mke wangu atakupikia ugali. Hapo hata ukinigongea nyundo mlangoni kwangu sitauliza.

Kwa sasa ile misindano mitatu bado imelala palepale. Sijaigusa. Utomvu umeganda kwenye mivunjiko, na fundi mbao aliyekwangua gome ameniambia weusi wa bluu umeshaanza kuingia ndani. Kikao kijacho cha kamati kitaikuta inafaa kuni tu.

Nasikia kuni nazo zina fomu zake. Naomba unitumie moja.

Wako mtiifu,
Mwenye shamba (hadi siku ya kuvuna)

Nakala: Upepo, kwa taarifa na utekelezaji.