Bunduki Kuukuu na Mnunuzi Aliyekwisha Kuipenda

Katika soko la bunduki za zamani za uwindaji nchini Marekani, hakuna mwaka unaotajwa kwa majonzi kama 1964, ambapo kampuni ya Winchester ya New Haven, jimboni Connecticut, iliibadili bunduki yake maarufu ya Model 70 ili kupunguza gharama za kuitengeneza. Model 70, iliyozaliwa katika miaka ya 1930, ni bunduki ya bolti, yaani ile ambayo mwindaji huikoki kwa kunyanyua kipini cha mhimili wa chuma unaofunga nyuma ya mtutu, kuuvuta ili ganda tupu litoke, kisha kuusukuma mbele ili risasi mpya iingie. Zile za kabla ya 1964 zina kucha ndefu ya chuma, ya ukoo wa Mauser ya Ujerumani ya 1898, ambayo hulidaka ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini na kutoliachia mpaka litupwe nje. Kucha hiyo iliondolewa, wawindaji wakalalamika, na ingawa kampuni iliirudisha katika miaka ya 1990, kilio hakijaisha hadi leo.

Matokeo yake ni kwamba mnunuzi huuliza mwaka kwanza, na akishaona namba ya bunduki iko chini ya 700,000, ambayo ndiyo namba ziliyoanzia zile za 1964, hupoteza hamu ya kuuliza jambo lingine lolote. Hapo ndipo anapouziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe likiwa wazi mezani mbele yake.

Adui mkubwa wa bunduki hizi si mvua wala milima bali ni mwenyewe, hasa mwenyewe mwenye drili na Jumamosi isiyo na kazi. Zile za mwanzo zilitoka kiwandani bila matundu ya skrubu kwenye daraja la nyuma, yaani sehemu ya juu ya mwili wa bunduki nyuma ya mlango wa kutolea maganda, kwa hiyo mtu aliyetaka kufunga darubini aliyatoboa mwenyewe, mara nyingi akiongozwa na jicho moja na imani. Mwingine, aliyekuwa mfupi, alikata kitako cha mjozi kwa msumeno akabandika mpira mwekundu mahali pa kibao cha chuma, na mnunuzi wa leo, mwenye mikono mirefu, akiipachika begani pua yake hugusana na kidole gumba. Wa tatu aliipenda zaidi kuliko wote, akaipeleka ikasuguliwe na kupakwa upya ile rangi ya buluu iliyokolea ambayo ni kutu iliyodhibitiwa, na ikarudi iking'aa, kingo zake zimeviringika na maandishi ya kiwanda yamefifia. Kwa wakusanyaji, mng'aro huo hushusha bei kuliko mikwaruzo ya kweli. Kwa mnunuzi mgeni, ndio hasa unaomfanya atoe pochi.

Ukaguzi wa ndani ya mtutu una misiba yake. Bolti hutolewa, mwanga huelekezwa upande mmoja na jicho huwekwa upande wa pili, ili ionekane ile mifereji iliyojizungusha ambayo huipa risasi msokoto. Wengi humulika kwa tochi ya simu upande uleule wanaochungulia, wakaona mwanga wao wenyewe ukiwarudia, wakatamka kwamba mtutu ni safi. Mtutu wenye giza huwa na sababu: risasi nyingi za .30-06 za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa na fataki zilizoacha chumvi baada ya kulipuka, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kuleta kutu kwa asiyesafisha siku hiyohiyo. Muuzaji husema giza hilo litatoka kwa brashi, na kwa nini hajaitumia brashi hiyo yeye mwenyewe ni swali ambalo kwa adabu haliulizwi.

Kipimo kinachohitaji moyo mgumu ni kile cha nafasi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapogotea ndani ya chemba. Hutumika vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi, vinavyotofautiana kwa sehemu chache za elfu za inchi: bolti inapaswa kufunga juu ya cha kwanza na kukikataa cha pili, kwa kuguswa na ncha za vidole tu. Mnunuzi aliyekwisha kupenda husukuma kwa kiganja. Bolti ikigoma kwenye kipande cha kwanza huilazimisha, na ikipokea cha pili husema kwamba ni laini ajabu.

Inabaki hadithi, ambayo huuzwa bila kupimwa. Bunduki ya .375 H&H, risasi ya Kiingereza ya mwaka 1912 iliyopendwa kweli na wawindaji wa Afrika Mashariki, haikosi kudokezewa safari ya Tanganyika, na mkwaruzo kitakoni huelezwa kwa simba hata pale unapofanana zaidi na komeo la buti la gari. Mnunuzi mwangalifu huomba hadithi hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na saini. Muuzaji hukubali kwa moyo mkunjufu, huinama, huandika kwa muda, na karatasi ikigeuzwa husomeka: bunduki moja, imetumika.