Barua ya Kukataliwa Nayo Isifiwe

Watu wazima na akili zao timamu wamewahi kukaa kitako wakasifu mambo ya ajabu. Lucian wa Samosata alimtungia nzi sifa. Erasmus aliusifu upumbavu kitabu kizima, kikachapwa mwaka 1511, na mpaka leo kinasomwa. Kwa hiyo mimi, mkazi wa Kajaga, karibu na Bujumbura, mchora nembo na mtunzi wa matangazo ya redio, nisiye na ajira ila mwenye maombi ya ajira tele, sioni haya kusimama hapa kando ya barabara ya Gatumba nikaisifu barua ya kukataliwa. Ikiwa nzi alipata wa kumtetea, vipi akose mgeni huyu anayebisha hodi kwa adabu kuliko nzi?

Tuanze na ukoo, maana sifa isiyotaja ukoo haijakamilika. Baba yake ni mkuu wa idara ya rasilimali watu, mama yake ni kiolezo kilichohifadhiwa kwenye kompyuta tangu enzi za mkuu aliyetangulia. Ndugu zake hawahesabiki, na wote wamelelewa vizuri: aya ya kwanza inashukuru, ya pili inasikitika, ya tatu inakutakia kila la heri. Isome taratibu uone ukarimu wake. “Tumepokea maombi mengi yenye ubora wa hali ya juu.” Hapo umesifiwa, pamoja na usiowajua. “Kwa bahati mbaya.” Hapo kosa ni la bahati, wewe huna lako. “Tutahifadhi taarifa zako.” Hapo umepewa makazi ya kudumu kwenye kabati kavu, jambo ambalo sisi wa Kajaga hatuwezi kujivunia, maana Aprili 2024 ziwa Tanganyika lilipopanda liliingia majumbani bila kuandika barua yoyote, na mto Rusizi nao hauna desturi ya kutoa taarifa.

Mama yangu, ambaye hakusomea mambo ya ofisi, aliielewa siku moja tu.

“Mwanangu, wamesemaje?”

“Wamesikitika, mama.”

“Wamesikitika? Basi nao wana roho. Njoo ule.”

Tukala ndagala kwa ugali wa muhogo, na habari ikaishia hapo. Niambie ni barua gani nyingine ya ofisini inayoweza kusomwa kabla ya chakula na chakula kikaliwa. Ya ushuru? Ya bili ya umeme?

Tena haina ubaguzi. Kazi huenda ikataka diploma yenye mhuri, miaka mitano ya uzoefu kwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, shemeji wizarani, na “fanta” kidogo kwa bwana anayeshika faili. Kukataliwa hakutaki hata kimoja. Mtoto wa mkubwa wa Rohero na mtoto wa fundi cherehani wa Buyenzi wanaipokea kwa maneno yaleyale, labda jina tu ndilo linabadilika, na mara nyingine hata jina hawakubadilisha.

Ni msafiri hodari pia. Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, sisi watu wa sanaa tumeonja matunda ya utangamano kabla ya wafanyabiashara: tunakataliwa na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bila viza. Kongo ilipojiunga mwaka 2022, uwanja ukapanuka mpaka Kinshasa. Januari 2024 mpaka wetu na Rwanda ulifungwa, malori yakasimama, lakini “tunasikitika” ya Kigali iliendelea kuingia vizuri kabisa, haikukaguliwa wala haikulipiwa ushuru. Ukitafuta bidhaa iliyotekeleza soko la pamoja kikamilifu, ni hii.

Halafu kuna faida ya nauli. Fikiria ningekubaliwa. Ningetakiwa kuwa mjini saa moja na nusu asubuhi, nimevaa viatu, na katika miaka hii ya uhaba wa mafuta kutoka Kajaga mpaka mjini si safari, ni mtihani: basi halionekani, na teksi ya kuchangia ikitokea, wanaoigombea wanatosha kujaza basi. Barua ya kukataliwa inaniepusha na hayo yote. Hainidai kunyoa ndevu. Inanifuata kitandani, kwenye simu, hata umeme ukiwa umekatika, na mwanga wake unatosha kutafutia mshumaa.

Lakini sifa za mtu huonekana zaidi ukimweka pamoja na jamaa zake, na barua hii ina jamaa wawili wabaya.

Wa kwanza anaitwa Tutakupigia. Huyu ana tabasamu, anakushika mkono kwa mikono miwili, anakusindikiza mpaka mlangoni. Ukitoka hapo, maisha yako si yako tena. Simu unaingia nayo bafuni. Unamnunulia rafiki salio akupigie, ujue kama simu inaita. Namba usiyoijua ikitokea unakohoa kwanza ili sauti iwe ya mwajiriwa, kumbe ni mtu anauliza kama hapo ni kwa muuza matofali. Wiki zinapita, unakataa vibarua vya kweli kwa sababu ya kazi ya kufikirika. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Tutakupigia ni ndefu, kwa kuwa hajasema uongo bado. Anaweza kupiga kesho.

Wa pili ni Jaribio Dogo. Huyu ni jamaa wa sisi wabunifu hasa. Mhasibu hawamwambii awafungie hesabu za mwaka mzima ili waone anavyofanya. Sisi tunaambiwa: “Tutengenezee nembo tatu, tuone mkono wako.” Kampuni moja ya kuuza samaki iliniambia hivyo. Nikawachorea mukeke aliyeinua mkia, magamba yake nimeyapanga moja moja, ila karibu na mkia sikuyamaliza kwa kuwa umeme ulikatika na muda wa kutuma ulikuwa umefika. Sikujibiwa. Miezi ikapita. Siku moja nasubiri usafiri barabarani, likapita lori dogo la barafu, na ubavuni mwake yule mukeke wangu, mkubwa kama mlango, mkia juu, na lile pengo la magamba vilevile. Hata kumalizia hawakumalizia. Kampuni hiyo haikunikataa, angalieni. Ingenikataa ningeisifu hapa kwa jina. Ilinyamaza tu, ikaondoka na samaki.

Nina mashahidi wawili. Grace Ogot wa Kenya alisimulia kwamba alipopeleka hadithi zake East African Literature Bureau, meneja alishindwa kuelewa vipi mwanamke Mkristo aandike habari za kafara na waganga, na hazikuchapwa. Mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ilitolewa na East African Publishing House. Tazama alichopewa pale mwanzo: sababu. Ilikuwa sababu mbaya, lakini sababu mbaya unaweza kuijibu, na yeye aliijibu kwa kuandika. Ukimya ungejibiwa na nini?

Shahidi wa pili ni wa kubuni, ila sisi Bujumbura tunamfahamu. Katika Gito l'ingrat ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Léonce Ngabo anatuonyesha kijana anayerudi kutoka Paris na diploma yake, ana hakika uwaziri unamngoja. Haumngoji. Vituko vyote vya Gito vinaanzia hapo, na mimi nadai kwamba barua moja fupi iliyotumwa Paris kwa wakati ingemwokoa. Kweli, sisi tungeikosa filamu, lakini hiyo ni hasara yetu, si yake. Ngabo huyohuyo alianzisha tamasha la filamu la FESTICAB mwaka 2009, na kila tamasha, ukitoa zulia na hotuba, ni mashine ya kukataa kazi za watu. Anayeziendesha mashine hizo vizuri huwaambia waliokosa kwamba wamekosa.

Sasa watatokea wahamasishaji waninyang'anye sifa yangu. Watasema kila kukataliwa ni ngazi, kwamba mlango mmoja ukifungwa saba inafunguka. Mimi sijasema hivyo. Waliokataliwa wakawa akina Ogot ni wachache. Wengi wetu tulikataliwa, tukabaki tumekataliwa. Sifa ya barua hii si kwamba inaleta bahati kesho. Ni kwamba leo inakuachilia. Ukishaisoma unaweza kulala, kuchukua kibarua cha kuandika jina la duka kwa brashi, kutuma maombi kwingine, au kulia kidogo ukamaliza. Msema kweli mpenzi wa Mungu, na katika ofisi nilizozunguka huyu ndiye msema kweli pekee niliyekutana naye.

Kwa hiyo, enyi wakurugenzi, mameneja, wachapishaji na wenye redio, hatuwaombi kazi zote; hazipo, tunajua. Tunaomba mistari minne. Wekeni jina letu sahihi, semeni hapana, tajeni sababu kama ipo, tumeni kabla ya mwezi kwisha. Jaribio mkilitaka, lilipieni. Mkilipenda, lilipieni tena. Na wewe mwenzangu unayesubiri simu tangu mwezi juzi, usingoje barua ambayo haitaandikwa: wapigie leo, uwaulize ndiyo au hapana, na hapana wakikupa, washukuru.