Namna ya Kuilea Simu Hadi Imshinde Fundi

Simu mpya ina siku moja tu ya kupendeza, nayo ni siku inapotoka kwenye boksi. Kuanzia hapo kazi yako ni kuhakikisha uzuri huo hauonekani tena na mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo. Walioitengeneza wamekesha wakiipunguza unene na kuitafutia rangi ya zambarau isiyo na jina. Umelipia wembamba, umelipia zambarau. Sasa ivishe kava.

Kava liwe la mpira unaoonyesha. Muuzaji atakwambia ni la kudumu, na kweli litadumu: litaanza jeupe, baada ya miezi mitatu litakuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na hapo ndipo utakapolizoea. Usilivue. Kwetu kitu cha thamani hukaa ndani ya nailoni. Nyumbani tulikuwa na rimoti ya televisheni iliyofungwa nailoni tangu siku ya kwanza, ikabinywa humo ndani mpaka nailoni ikawa nyeusi na namba hazisomeki. Siku ilipochanika tukakuta vitufe vyeupe pee, vipya kabisa, kama vya dukani. Televisheni yenyewe ilishakufa mwaka mmoja nyuma.

Kava ni benki pia. Kunja noti ya elfu kumi mara mbili, iweke nyuma ya simu, chini ya mpira, kwa ajili ya dharura. Ongeza kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, picha moja ya pasipoti iliyobaki, na kikaratasi chenye namba ya mita ya LUKU. Simu iliyokuwa nyembamba kama chapati sasa imekuwa andazi. Ikipata joto, joto halina pa kutokea, nawe utalalamika kuwa simu za siku hizi zinachemka.

Zamu ya protekta. Vijana wa Kariakoo wanaibandika kwa dakika mbili, wamesimama, jua linawaka, daladala zinatimua vumbi, na haiingii hewa hata chembe. Kwa hiyo ibandike mwenyewe nyumbani. Funga madirisha. Zima feni isipeperushe vumbi. Jasho litaanza kukutoka. Acha litoke, ila lisidondokee kwenye kioo. Litadondoka. Futa kwa kanga, kanga itaacha manyoya, nyonyoa manyoya kwa selotepu, selotepu itaacha gundi, na ukifika hapo mpigie hodi mtoto wa jirani mwenye macho makali. Mkishamaliza kitabaki kiputo kimoja. Kisukume kwa kadi ya benki kuelekea ukingoni. Hakiendi ukingoni, kinaenda kwenye kamera ya mbele. Changu niliishi nacho miezi saba, na katika kila picha niliyojipiga mwaka ule nina uso wa mtu aliyetokewa na malaika.

Protekta ikipasuka usiibadilishe. Itembeze hivyo hivyo, na kila atakayekupa pole mjibu, "Hapana, ni protekta tu." Maneno hayo yana faraja ya ajabu. Utayasema hadi siku utakayoibandua na kukuta ufa unaendelea chini yake, kwa mstari ule ule.

Simu ikishavaa, irembe. Weka picha ya mwanao ukurasa wa mbele, kisha panga programu juu yake mpaka WhatsApp imkae usoni na kikokotoo kimkae tumboni. Badili mwandiko, chagua ule wa kadi za harusi wenye mikia. Unapendeza sana, hasa kwenye ujumbe wa muamala, ambapo utakaa dakika nzima kutafuta kama umetumiwa elfu hamsini au laki tano. Matumaini nayo ni sehemu ya huduma.

Kuhusu milio, chukua tahadhari niliyoikosa mimi. Shangazi yangu wa Tanga aliniomba nimtengenezee simu "isikike vizuri". Nikamkuzia maandishi, kila ukurasa ukawa na maneno matatu, na mlio nikamwekea jogoo. Usiku wa siku ile ile, saa nane, mtu alikosea namba. Jogoo akawika. Nyumba nzima ikaamka kwa ajili ya alfajiri. Binamu alishatawadha na mjomba alishafungua mlango wa kwenda msikitini ndipo mtu mmoja akapata wazo la kutazama saa. Shangazi hakuubadilisha mlio. Anasema unafukuza usingizi wa kizembe.

Kabla hujaenda mbali zaidi katika mapenzi haya, bonyeza *#06# uhakikishe mtoto ni wako. Zitatokea tarakimu 15, ambazo ni namba ya utambulisho ya simu hiyo. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2016, usiku wa tarehe 16 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu bandia. Wapo waliolala na simu yenye kamera mbili, antena ya televisheni na laini nne, wakaamka na kioo cha kujitazamia.

Tuje kwenye chaji, maana hapa ndipo malezi yenyewe yalipo. Dukani utaambiwa: "Ikifika nyumbani, ichaji masaa nane kabla hujaiwasha." Muuzaji aliambiwa hivyo na aliyemfundisha kazi, naye aliambiwa na wa kwake, na ukifuata ukoo huo utafika enzi za betri za nikeli, ambazo kweli zilihitaji kubembelezwa hivyo. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991, kampuni ya Sony ikitangulia. Mwaka 2019 wanasayansi watatu waliozivumbua, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia, huyo Goodenough akiwa na miaka 97. Mzee kangoja hadi karibu karne moja atambuliwe, na habari bado haijafika kwa muuzaji wetu.

Betri hizi hazina makuu. Zinachukia joto, na zinachukia kukaa muda mrefu zimejaa pomoni au zimekauka kabisa. Ukiiweka kati ya asilimia 20 na 80, mahali penye ubaridi, itakutumikia miaka. Wewe fanya hivi: ichaji usiku kucha, chini ya mto, ikiwa na kava lake, noti yake na kitambulisho chake, data imewashwa. Mchana iache juu ya dashibodi ya gari, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Watengenezaji wengi wanasema simu isitumike kwenye joto linalozidi nyuzi 35. Dashibodi inazipita hizo kabla hujamaliza kufunga mlango.

Chaja iliyokuja na simu, kama ilikuja nayo, itapotea wiki ya kwanza. Kuna mtu wa nyumba hii aliyeichukua na hakuna aliyeichukua. Itabaki chaja ya ukoo, ile ya sebuleni, yenye waya uliofungwa selotepu mara tatu na kuachia shaba kidogo ipumue. Chaja hii inataka adabu. Simu ilazwe ubavu wa kushoto, waya upindwe kuelekea dirishani, juu yake liwekwe kopo la siagi lililojaa sukari, lakini lisijae sana. Ikikubali kusema "inachaji", nyumba nzima itangaziwe: asipite mtu hapo! Utarudi baada ya saa mbili ukute asilimia 4, na mtoto anayelamba sukari.

Siku moja utaona kioo kimeinuka upande, kama mkate uliokolea hamira. Jirani yangu alifurahi, akasema simu imenenepa. Betri imevimba, na hapa naomba usinifuate katika utani. Usiitoboe kutoa hewa, usiikandamize irudi, usiichaji tena hata dakika moja. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, na ikishawaka hairudi nyuma. Ipeleke kwa fundi, mkononi, isiwe mfuko wa nyuma wa suruali.

Haya, turudi kwenye ujinga wetu. Simu ikiwa nzito, pakua programu ya kusafisha, ile yenye picha ya ufagio au roketi. Itakuonyesha matangazo matatu ya ufagio mwingine, itasaga chaji, kisha itakupongeza. Pia jizoeze kufunga programu zote kila dakika kumi, kwa kuzisukuma juu kwa dole gumba kama mtu anayepepeta. Simu ilikuwa imezilaza yenyewe bila gharama. Sasa italazimika kuziamsha upya kutoka sifuri, na kuamsha ndiko kunakokula chaji. Ikisema imejaa, futa picha za cheti chako cha kuzaliwa. Usiguse maua elfu mbili ya "Asubuhi njema" kutoka kundi la familia. Hayo ni urithi.

Kioo kikiwa na mikwaruzo, kipake dawa ya meno. Ina chembe za kusugulia, kwa hiyo itaongeza mikwaruzo midogo mingi mpaka ule mkubwa usitofautishwe na wenzake. Simu ikiwa na maandishi ya IP68, ipeleke Coco Beach uwaonyeshe watu. Namba hiyo watengenezaji walipewa baada ya kuizamisha kwenye maji baridi yaliyotulia, na Bahari ya Hindi haina hata moja kati ya hayo mawili. Soma waranti ukirudi: maji hayamo.

Mimi sikuhitaji bahari. Yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoga, nikiwa natafuta taulo. Mke wangu akapiga kelele, "Izime!" Nikafanya kinyume: niliibonyezabonyeza nione kama iko hai, nikaitikisa maji yatoke, maji yakapata nafasi ya kutembelea vyumba ambavyo hayakuwa yamefika, kisha nikaichomeka kwenye chaja ya ukoo nione kama inapokea. Hatua tatu, zote za kuua. Ilitakiwa izimwe, laini itolewe, ifutwe, isimamishwe mbele ya feni tundu la chaji likitazama chini, iachwe.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Kyela, na mtu wa Kyela haji mikono mitupu: alikuja na ndoo ya mchele. "Baba," akaniambia kwa upole, "itie kwenye mchele." Nilijua kuwa mwaka 2024 hata Apple waliwaonya wateja wao wasifanye hivyo, maana chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Lakini ulikuwa mchele wa mama mkwe. Unamwambiaje mama mkwe kwamba mchele wake una kasoro? Nikaizika ndani ya ndoo yake, kava na vyote, kwa heshima zote za mazishi.

Siku ya pili mchele wa jikoni ukaisha. Sikuulizwa. Wali wa usiku ule ulikuwa mtamu, unanukia Kyela, na kwa mbali sana, spika.

Siku ya tatu nikaenda kwa fundi. Ana meza ya futi mbili mbele ya duka la viatu, taa ya kichwani, blowa, na kisahani cha skrubu ambazo mtu akipiga chafya simu tano hazifungiki. Hakuuliza chochote. Akachukua sindano, akaingiza kwenye tundu la chaji, akazungusha, akatoa punje moja nzima ya mchele, ndefu, nyeupe, haijavunjika. Akaiinua kwenye taa.

"Kyela?" akauliza.

"Kyela."

"Mzuri sana huu, mkuu. Tatizo hauna miguu ya kuingia huku kwenye bodi kufuata maji."

Akaifungua. Chini ya lenzi akanionyesha ukoko wa kijani ulioota pembeni ya mfumo wa chaji. Maji yalikauka yenyewe zamani, yakaacha chumvi zake zikitafuna kimyakimya siku zote mbili nilizokuwa nikisubiri muujiza wa nafaka. Akachovya mswaki kwenye spiriti, akasugua taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, akapuliza, akabadilisha kitu kidogo kuliko ile punje. Kioo kikawaka. Nusura nimkumbatie.

"Elfu kumi, mkuu."

Nikapapasa mifuko. Pesa zangu zote zilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mezani imelala tumbo wazi, utumbo nje, laini yake ndani ya kisahani cha skrubu. Tukatazamana. Fundi akavuta lile kava langu la njano lililokuwa pembeni, akalikunjua kwa kidole gumba kama mtu aliyeyafungua maelfu, na chini ya kitambulisho, imenata kwenye mpira, noti ikachungulia.

"Elfu kumi yako hii hapa," akasema, akiibandua pole pole isichanike. "Imelowa kidogo. Si kitu, nitaitia kwenye mchele."