Robo Kilo ya Ini na Simba Watatu

Asikudanganye mtu kwamba mbwa wa kwetu hawajafunzwa. Wamefunzwa, tena wakafuzu. Taabu iko kwa walimu, ambao ni sisi, na hakuna aliyewahi kukaa akafikiri anafundisha nini.

Chukua habari ya pikipiki. Kutoka Kisii mjini kuja huku kwetu Kebirigo, kila mwendesha boda analijua lile boma ambapo lazima ainue miguu yote miwili, aombe Mungu na apite. Mwenye boma husimama mlangoni na kikombe cha chai, akasema kwa upole, "Usiogope, haumi." Ni rahisi kuusemea mguu usio wako. Mimi nimelipita boma hilo nimepakata trei ya mayai, na hakuna aliyenieleza abiria wa mayai anainua miguu akishika wapi.

Sasa piga hesabu upande wa mbwa. Pikipiki imekuja na kelele zake. Ametoka mbio, amebweka, ameliandama gurudumu hadi kwenye kona. Pikipiki imeondoka. Kesho vivyo hivyo, keshokutwa vivyo hivyo. Hajashindwa hata mara moja! Hakuna pikipiki iliyowahi kusimama ikamweleza, "Bwana mkubwa, mimi sikuja kwenu, nilikuwa naelekea Nyansiongo." Yeye anajua ni yeye aliyeifukuza. Kazi ambayo unashinda kila siku, nani ataiacha kwa sababu ametupiwa kijiti? Wanaojua mambo ya mbwa husema dawa ni kumnyima huo ushindi: awe kwenye kamba pikipiki inapopita, kwanza kwa mbali, na akiiacha akamtazama aliyeshika kamba apewe kitu kitamu papo hapo; siku zikienda, anasogezwa karibu na barabara. Ni kazi ya majuma. Kijana wa boda naye ana dawa ya dakika moja, teke la pua, na tangu siku hiyo mbwa ana ushahidi kwamba pikipiki ni adui kweli.

Kisha kuna huku kuita. Alfajiri mbwa anaambiwa "njoo", akija anatiwa mnyororo mpaka usiku. Akinyakua mnofu jikoni, "njoo", na fimbo iko nyuma ya mgongo. Wageni wakifika na mwenye nyumba akataka kuwaonyesha jinsi mbwa wake anavyomtii, anapaza sauti, "Njoo!" Mbwa anampa jicho moja tu, anaingia kwenye migomba. "Huyu mbwa ni mjinga," anawaambia wageni. Mjinga gani huyo? Neno amelisikia, maana yake anaijua, na historia yake anaikumbuka yote.

Hata siku ya chanjo ni hayo hayo. Watu wa mifugo wa kaunti wanakuja uwanja wa shule na sindano za kichaa cha mbwa, na baba mzima, ambaye hajawahi kumshika mbwa wake isipokuwa kwa mnyororo, anamtuma mtoto wa darasa la tatu ampeleke kwa kamba ya katani. Uwanjani kuna mbwa wa kijiji kizima ambao hawajawahi kukutana mchana. Hebu fikiria. Serikali ina mpango tangu 2014 wa kuumaliza ugonjwa huo ifikapo 2030, na wataalamu wanasema ukitaka kuukata lazima mbwa saba katika kila kumi wawe wamechanjwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Nasi tunamkabidhi mtoto kamba! Akiumwa, utasikia mara paka mafuta, mara funga na majani ya sijui mti gani. Jamani, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea hakuna daktari atakayekusaidia. Hilo sifanyii mzaha.

Narudi kwenye mzaha. Usiku mbwa mmoja akibweka kule upande wa Manga, anaitikiwa na wa bonde, wa bonde anaitikiwa na wangu chini ya dirisha, na mwisho mlima mzima uko macho. Mwenye nyumba anafungua dirisha na kunguruma, "Nyamaza weeee!" Anadhani amekataza. Mbwa amesikia mkubwa wa boma naye amejiunga na kwaya, akaongeza bidii.

Ya mayai nayo ni aibu tupu. Mbwa akizoea kula mayai, utaambiwa chemsha yai, ulitie mdomoni mwake likiwa moto, ufumbe taya. Nimeambiwa hivyo na watu wenye digrii. Mbwa anaungua ulimi, anaanza kumwogopa mwenye mikono, na yai bichi chini ya kuku linabaki lile lile, baridi, tamu, na halina mtu karibu. Kuweka kiota cha kuku juu, mahali mbwa asipofika, ni kazi ya mbao mbili na misumari. Lakini hiyo haina kelele, kwa hiyo haionekani kama malezi.

Mbegu ya matata yote, mimi nasema, ni gunia. Mtoto wa mbwa wa kwetu huletwa na boda ndani ya gunia kabla hajatimiza hata mwezi, macho yamefunguka juzi tu, anafungwa nyuma ya jiko na huko ndiko anakokulia. Scott na Fuller, Wamarekani wawili, walichunguza watoto wa mbwa miaka mingi, wakaandika kitabu mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili hivi ndipo mbwa anapojifunza ni nini duniani cha kawaida na ni nini cha kuogopa. Wetu muda huo anaangalia ukuta. Anapotolewa nje, kila kitu kwake ni jambazi: mama anayepita na kikapu cha majani chai mgongoni, mzee mwenye bakora, na mwavuli. Mwavuli! Katika nchi ambayo mvua inanyesha karibu kila alasiri.

Basi mimi nikaamua boma letu litakuwa mfano. Nilikwenda bucha nikanunua ini, robo kilo, nikalichemsha na kulikata vipande vidogo kama punje za mahindi. Mke wangu alitazama sufuria, akanitazama mimi, akauliza watoto watakula nini. Kanuni nilizisoma vizuri: neno moja kwa jambo moja, watu wote nyumbani walitumie hilo hilo, na zawadi itolewe mara mbwa anapotenda, si baada ya hotuba. Nikaitisha kikao. Mama alisema yeye atamfukuza mbwa jikoni kwa Ekegusii kama alivyofukuza mbwa tangu aolewe. Watoto wakang'ang'ania Kiingereza cha katuni. Hapo kikao kikavunjika.

Sikukata tamaa. Nikasimama kwenye nyasi mbele ya nyumba, ini kiganjani, nikaita, "Simba!"

Wakaja Simba watatu. Hilo jina watoto ndio walilichagua, na watoto wa majirani nao walikuwa wamechagua kwa hekima hiyo hiyo; upande wetu wa mlima, mbwa asipokuwa Simba ni Tomi. Wa kwangu hakuwamo. Alikuwa nyuma ya jiko akisikiliza mwiko ukikwangua ukoko. Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alijisumbua na maabara kuchunguza mate ya mbwa. Angekuja jikoni kwetu saa moja ya jioni angemaliza kazi kabla ya chakula.

Wa jirani wa chini, mwekundu mwenye sikio lililochanika, ndiye aliyekuwa na kichwa. Nilishusha mkono, akakaa. Nikampa ini. Akasimama, nikashusha mkono, akakaa tena. Kabla giza halijaingia alikuwa akikaa hata kabla sijaushusha. Kila jioni akawa anafika mapema, anachagua nafasi ya mbele. Wangu alikuja akaangalia somo kutoka mbali, akarudi jikoni.

Juzi usiku wezi wakaingia shambani kwa huyo jirani. Jirani anaapa kwamba alichungulia dirishani akaona kwa macho yake: mwizi alinyoosha mkono kushusha mkungu wa ndizi, na Simba wake akakaa chini, wima, akingoja. Mkungu ukaenda. Asubuhi alikuwa langoni kwangu. "Omogaka, mbwa wangu umemfanya nini?" Nikamweleza habari ya ini, neno moja na zawadi ya papo hapo. Hilo lilimzidishia hasira, akasema kumbe kwake mbwa anakula ugali mkavu na huku anakula ini.

Anadai mkungu wake. Mzee wa kijiji ameipanga kesi Jumapili alasiri, maana Jumamosi sote tuko Sabato. Ameniomba pia, akiwa amenivuta kando, nikija nisisahau robo kilo: naye ana Simba anayekimbiza kuku.